Tamthiliya Iliyonyamazishwa: Maoni Juu ya Kazi za Ebrahim Hussein na Namna Tunavyozisoma

1.0 Utangulizi

Ni waandishi wachache wa tamthiliya ya Kiswahili waliohakikiwa kwa wingi kama Ebrahim Hussein. Tangu Kinjeketile ilipochapishwa mwaka 1969, kazi zake zimetahiniwa katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya, zimeandikiwa tasnifu katika vyuo vikuu vya ndani na vya nje, na mwaka 1998 Alain Ricard alizitolea kitabu kizima kwa Kifaransa. Mtu angedhani kwamba baada ya juhudi zote hizo lililobaki kusemwa ni dogo. Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kinyume chake. Liko jambo la msingi ambalo sisi wahakiki tumelipita kando, nalo ni kwamba kazi hizi ziliandikwa ili zisemwe.

Kauli hiyo huenda ikaonekana nyepesi. Nani asiyejua kuwa tamthiliya ni ya jukwaani? Hata hivyo, kujua ni jambo moja na kutenda ni jambo jingine. Aghalabu tunamsoma Hussein kama tunavyosoma riwaya: tunatafuta dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo, tunaorodhesha tamathali za semi, kisha tunafunga kitabu. Makala haya yanakusudia kutoa hoja kwamba mada inayomshughulisha Hussein kuanzia Kinjeketile hadi Kwenye Ukingo wa Thim (1988) ni neno lenyewe: linavyozaliwa, linavyomponyoka aliyelisema, na linavyotenda kazi duniani hata pale mwenyewe anapolitilia shaka. Ikiwa hoja hiyo ina ukweli, basi kumsoma Hussein kimyakimya ni kuliondoa jambo lile lile analolizungumzia.

Mwandishi wa makala haya si mtaalamu wa sanaa za maonyesho. Fani yake ni isimu. Anaingia katika uwanja wa wenzake kwa adabu, akitumaini kuwa waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakukosea.

2.0 Neno na Aliyelisema

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtu wa historia, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi Agosti 1905, wakati Vita vya Maji Maji vilipokuwa ndiyo kwanza vimeanza. Vita hivyo viliendelea hadi 1907. Katika dibaji yake Hussein anatahadharisha kuwa Kinjeketile wa mchezo ni kiumbe wa sanaa, na kwamba ukweli wa sanaa haupimwi kwa mizani ya mwanahistoria. Wahakiki wengi wameitii tahadhari hiyo nusu. Wameacha kumtafuta mtu wa 1905, wakaanza kumtafuta mwanasiasa wa 1969. Hivyo maji yakawa ishara ya umoja, Kinjeketile akawa kiongozi wa umma, na mchezo mzima ukawa fumbo la ukombozi na ujenzi wa taifa. Usomaji huo si wa makosa, lakini una haraka. Unalivuka neno ili kuiwahi maana.

Hebu tufuate njia ambayo neno linapita katika mchezo huu. Kwanza, Kinjeketile anatoka mtoni akiwa amepagawa na Hongo, na kinywani mwake yanatoka maneno ambayo si yeye aliyeyakusudia: kuna maji ya kuwakinga watu na risasi, kuna umoja wa makabila, na kuna ahadi kwamba baada ya Wajerumani kuondoka watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Pili, akili inapomrudia, Kinjeketile anayakuta maneno yale kwa watu. Anayapokea kama msikilizaji, na ni hapo anapotambua kitu kilichowapita waliokuwa wakishangilia, kwamba ahadi ile inawatoa katika mikono ya mgeni mmoja na kuwatia katika mikono ya mwingine. Anataka kungoja, anataka watu wajifunze kupigana na waungane kwanza. Lakini neno halimsikilizi tena. Watu wanaidai vita kwa jina lake, na vita inakwenda bila ya ridhaa yake. Tatu, mwishoni, akiwa kifungoni na baada ya watu wengi kuangamia, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki na kamanda wake aliyekwisha kuvunjwa na mateso, naye anamsihi aseme. Kinjeketile anakataa. Hakatai kwa sababu bado anaamini maji. Anakataa kwa kuwa kulikanusha neno kutawafundisha watoto na wajukuu kwamba kupigania nchi kulikuwa kosa.

Mwanaisimu hawezi kuyasoma hayo bila ya kumkumbuka J. L. Austin, ambaye mihadhara yake juu ya vitendo-uneni ilichapishwa mwaka 1962, miaka miwili baada ya kifo chake. Austin alituonyesha kuwa kusema ni kutenda: anayeahidi, anayeapa, anayeoza na anayelaani hawaelezi jambo, wanalifanya. Alieleza pia kuwa tendo la namna hiyo hufaulu tu iwapo masharti yake yametimia, yaani msemaji awe na mamlaka, mazingira yawe yanayofaa na nia iwe ya kweli. Kinjeketile ni mtihani mgumu kwa nadharia hiyo. Msemaji hakuwa na nia, kwa kuwa alikuwa amepagawa. Mamlaka yake yalitoka kwa Hongo ambaye baadaye anamshuku. Ahadi yenyewe haikutimia, maana risasi ziliua. Kwa masharti ya Austin neno hili lilipaswa kuwa batili, na bado likaunganisha watu ambao hapo awali hawakuwa na umoja. Hussein anatuambia kuwa uwezo wa neno haumo kwa msemaji peke yake. Umo pia kwa waliolisikia na kulibeba.

Katika mihadhara hiyo hiyo Austin aliyaweka kando maneno ya mwigizaji jukwaani, akiyahesabu kuwa yamepungukiwa na nguvu ya kutenda. Hapo ndipo tamthiliya ya Hussein inapompinga waziwazi, kwani Kinjeketile anaposema jukwaani kuwa neno limezaliwa, hadhira ya leo nayo imo miongoni mwa waliolisikia. Tutazame pia umbo la kitenzi anachokitumia. Hakiko katika njeo iliyopita yenye -li-, bali katika hali timilifu yenye -me-, ambayo katika Kiswahili huonyesha tendo lililokamilika na matokeo yake yangalipo. Sarufi inashikilia kile ambacho Mjerumani anataka kifutwe. Lakini -me- hiyo inapata uzito wake pale inapotamkwa mbele ya watu, na mwenye kutamka akanyamaza. Katika karatasi ni mofimu miongoni mwa mofimu.

3.0 Chimbuko la Sanaa Yake

Suala la athari zilizomjenga Hussein limejadiliwa sana, na aghalabu hujibiwa kwa majina mawili: Aristotle na Brecht. Kinjeketile huhesabiwa kuwa tanzia inayokaribiana na kanuni za Aristotle, kwa kuwa ina shujaa mwenye hadhi na anguko lake. Kazi zilizofuata huwekwa upande wa Brecht, hasa kwa kuwa Hussein alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin ya Mashariki, mji ambamo Brecht aliasisi kikundi cha Berliner Ensemble mwaka 1949. Tasnifu ya Hussein ya mwaka 1975 ilihusu maendeleo ya sanaa ya maonyesho katika Afrika ya Mashariki.

Hatukusudii kuzikana athari hizo. Tunachouliza ni kwa nini orodha huanzia Ugiriki na kuishia Ujerumani. Kabla ya Berlin kulikuwa na pwani. Alikiona, mojawapo ya michezo yake ya mwanzo, ina nasaba na vichekesho, ile michezo mifupi ya kuchekesha iliyozoeleka katika starehe za watu wa mwambao, ambayo waigizaji wake waliyategemea majibizano ya papo kwa papo kuliko maandishi. Na aliporudi kutoka Berlin, kazi zilizofuata hazikuwa za Kijerumani katu. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizochapishwa pamoja mwaka 1976, zimejengwa juu ya utambaji wa ngano. Jukwaa linabebwa na sauti ya mtambaji, na hadhira inawekwa katika nafasi ambayo kila mtoto aliyekaa miguuni pa bibi yake anaijua. Katika Ngao ya Jadi nyoka anauawa, watu wanasherehekea, na baadaye wanagundua kuwa kuuawa kwa nyoka hakukumaliza habari ya nyoka. Mhakiki akimwona hapo msimulizi anayeizuia hadhira isizame katika hisia hadi ikasahau kufikiri, husema ni Brecht. Anaweza kuwa ni Brecht. Lakini bibi zetu nao walikuwa wakikatiza hadithi kuuliza swali, kuimbisha wimbo na kumkaripia aliyesinzia.

Kwa hiyo, ikiwa tunataka kujua maoni ya Hussein juu ya sanaa ya maonyesho ya wakati wake, tusiyatafute katika dibaji na tasnifu tu. Tuyasome katika maumbo aliyoyachagua. Mwandishi aliyekwisha kusifiwa kwa tamthiliya ya kimapokeo ya vitabuni, kisha akaiacha na kwenda kwa mtambaji, ametoa hukumu. Ameamua kuwa njia ya mbele inapitia kinywani.

4.0 Ule Uitwao Ugumu

Mashetani (1971) ina sifa ya ugumu, na kila mwalimu aliyeifundisha anajua wanafunzi wanavyoilalamikia. Juma ametoka katika ukoo uliopoteza mali na heshima yake baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Kitaru ni mtoto wa familia ya Dar es Salaam inayopanda katika ulimwengu mpya. Vijana hao wawili ni marafiki, na mwanzoni wanacheza mchezo ndani ya mchezo: mmoja Shetani, mwingine Binadamu. Mchezo wao unakwisha lakini Kitaru hapati nafuu nao. Anaugua.

Mwandishi wa makala haya anakiri kuwa kwa miaka mingi alifundisha mandhari hayo kwa kuchora jedwali ubaoni: Shetani ni ukoloni, Binadamu ni Mwafrika, mbuyu ni kadha na kadha. Wanafunzi walinakili, wakafaulu. Kisha katika semina moja ya uzamili, kwa kuwa nakala za kitabu zilikuwa chache, wanafunzi wawili waliombwa wasimame wasome kwa sauti ili wenzao wafuate. Aliyesoma nafasi ya Shetani alikuwa kijana mcheshi. Alipofika penye kicheko alicheka kweli, akacheka kupita kiasi, na aliyekuwa Binadamu akasita kujibu. Kimya kilikaa darasani. Mwanafunzi mmoja akauliza swali ambalo jedwali halikuwahi kulizaa: "Mwalimu, hawa bado wanacheza au sasa hawachezi?" Swali hilo ndilo ugonjwa wa Kitaru. Hajui mchezo umekwisha au haujakwisha, na hajui ukoloni umekwisha au haujakwisha. Hatukulifikia kwa kufasiri ishara. Tulilifikia kwa sikio.

Kuna sababu ya kiisimu ya jambo hili. Kiswahili hakitofautishi maana za maneno kwa toni, lakini hutegemea mno kiimbo. Sentensi moja, bila ya kubadilisha hata silabi, inaweza kuwa taarifa au swali, dhihaka au ombi; tofauti yote imo katika kupanda na kushuka kwa sauti. Uakifishaji huokoa sehemu tu ya hayo. Mwandishi kama Hussein, ambaye wahusika wake mara nyingi husema jambo huku wakilitilia shaka, amejenga maana zake katika sehemu ambayo maandishi hayaifikii. Tunapomwita mgumu huenda tunachokisema ni kwamba tumemsoma katika hali ambayo hakukusudia kusomwa.

5.0 Neno la Marehemu

Kwenye Ukingo wa Thim imechota kutoka kesi iliyoishughulisha Kenya nzima. Wakili Silvanus Melea Otieno, Mjaluo, alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe kwao Nyalgunga. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi tarehe 15 Mei 1987, na maziko yakafanyika mwezi huo huo. Katika tamthiliya wahusika ni Herbert na Martha, na wahakiki wameieleza kama mgongano wa mila na usasa, au wa ukoo na haki za mwanamke. Yote hayo yamo.

Lakini tukumbuke kilichobishaniwa kortini. Pamoja na masuala ya sheria na mila, mashahidi wa pande mbili walishindana juu ya maneno ambayo marehemu aliyasema kwa kinywa chake kuhusu mahali pa kuzikwa. Kila upande ulikuwa na neno lake, na mwenye neno alikuwa amekwisha kunyamaza. Si ajabu kwamba kisa hicho kilimvuta mwandishi wa Kinjeketile. Ni tatizo lile lile la 1969 lililorudi kwa sura nyingine: neno limebaki, msemaji hayupo, na wenye nguvu wanaamua lilikuwa na maana gani. Tofauti ni kwamba mara hii neno halijengi umoja. Linatwaliwa. Hata jina la mchezo linatuonya: thim ni neno la Kijaluo lenye maana ya pori au nyika, nalo limesimama ndani ya kichwa cha Kiswahili bila ya kufasiriwa. Msomaji wa Kiswahili anaanza mchezo akiwa ukingoni mwa lugha yake mwenyewe.

6.0 Hali ya Sasa

Ikiwa haya ndiyo yaliyomo katika kazi za Hussein, tumezifanyia nini? Jibu la mwandishi wa makala haya halitawapendeza wote. Tumezihifadhi kwa namna ya kuzinyamazisha. Mtihani unauliza dhamira. Mwalimu anafundisha dhamira. Mwongozo wa mwanafunzi unauza dhamira zikiwa tayari zimeorodheshwa. Yumkini mwanafunzi akahitimu shahada ya kwanza na hata ya pili ya Kiswahili, akawa ameandika kurasa mia juu ya tamthiliya, pasipo kusikia hata onyesho moja likisemwa na watu walio hai. Chuoni kazi imegawanywa: maandishi ni ya idara za Kiswahili, jukwaa ni la wenzetu wa sanaa za maonyesho. Mgawanyo huo una manufaa yake ya kiutawala. Kitaaluma ni hasara, kwa kuwa tunachokiita tamthiliya kimepasuliwa katikati na kila idara imeondoka na nusu yake.

Nje ya vyuo hali ina mashaka ya namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wetu, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwa mstari wa mbele, walipeleka sanaa vijijini, kama ilivyofanyika Malya, kwa lengo kwamba wanakijiji wenyewe watambue tatizo lao, walibunie onyesho na walijadili. Ulikuwa mwelekeo wa kimapinduzi. Lakini maonyesho mengi ambayo mwandishi wa makala haya ameyashuhudia katika miaka ya karibuni yana jina la mwelekeo huo bila ya roho yake. Ujumbe unafika ukiwa umekwisha kuamuliwa na anayelipa, waigizaji wanautamka, hadhira inapiga makofi, picha zinapigwa kwa ajili ya ripoti. Hakuna neno linalozaliwa hapo. Neno lilizaliwa ofisini, na limeletwa kijijini kutangazwa.

Hivyo tuna pande mbili zinazoonekana kuwa mbali lakini zina kosa moja. Darasani tunamwondoa msemaji na kubakiza ujumbe. Uwanjani tunabakiza msemaji lakini ujumbe si wake. Hussein alisimama penye mgogoro baina ya msemaji na neno lake, na hapo ndipo drama inapopata uhai.

Yapo majibu yanayoweza kutolewa dhidi ya hoja hii. Itasemwa kuwa madarasa yamejaa na hakuna fedha za maonyesho. Ni kweli, lakini kusoma kwa sauti hakuhitaji maleba wala mataa. Itasemwa pia kwamba Hussein ni mshairi, na kwamba baadhi ya kurasa zake zinamfaidi zaidi msomaji wa peke yake. Hilo nalo lina ukweli wake, ila ushairi wa Kiswahili haukuwa sanaa ya macho. Uliimbwa na kughaniwa kabla ya kuchapwa. Hoja hiyo inatusaidia zaidi ya inavyotupinga.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayakuandikwa ili kuongeza dhamira nyingine katika orodha. Yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tasnifu ya uzamili juu ya tamthiliya itakiwe kuonyesha kuwa mtafiti ameisikia kazi anayoihakiki, iwe kwa kuhudhuria onyesho au kwa kuandaa usomaji wa sauti, na kwamba aliyoyasikia yahesabiwe kuwa data. Pili, kozi za tamthiliya zifundishwe kwa pamoja na wenzetu wa sanaa za maonyesho, na sehemu ya alama itokane na utendaji. Tatu, sisi wanaisimu tuache kuiona tamthiliya kama mali ya watu wa fasihi. Viko humo vitendo-uneni, viimbo, vimya na mabadiliko ya rejesta ambayo bado hatujayagusa.

Mwandishi wa makala haya alimaliza muhula uliopita kwa sehemu ya mwisho ya Kinjeketile, ikisomwa na wanafunzi waliosimama, vitabu mkononi. Mmoja wao, aliyekuwa Kitunda, aliposihi kwamba neno likanushwe, alisihi kwa huruma kiasi kwamba wengine walionekana kutaka Kinjeketile akubali, ili mateso yaishe. Kwa miaka yote ya kufundisha mchezo huo, mwalimu wao hakuwahi kudhani kwamba Kitunda angeweza kushinda. Katika vitabu vya mwongozo imekwisha kuandikwa nani atashinda. Darasani siku ile, kwa dakika chache, haikujulikana.